Nani Anahesabu?

Saa nane na robo usiku, kibandani.
Geti la maghorofa ya Kileleshwa limefungwa,
mvua ya Aprili inachapa bati,
nami nimegeuza daftari la zamu, naandika kwa nyuma,
kwenye kurasa ambazo msimamizi hafiki:
jina la hoteli, bei, bwawa,
na safu moja pana: *Nani anahesabu?*

Napiga simu usiku kwa kuwa mapokezi ya hoteli
hayalali, kama mimi.

Mwaka huu gawio la chama limezidi karo,
mara ya kwanza.
Nasipwondi amesema, kabla halijapata njia nyingine,
watoto waione bahari.
Wafubwa ana miaka mitano. Huogelea Alhamisi,
siku ya mfereji, ndani ya beseni, kule Mwiki,
magoti yakiwa kidevuni.

Diani wakapokea. Sauti laini kama mtindi.
Tuna kasri la kuruka, tunapaka watoto nyuso za chui,
kuna mabembea ya maji ya ghorofa mbili, baba.
Mlezi mmoja, watoto wangapi?
Usijali, kwetu hali ni shwari.

Hali shwari.
Miaka kumi na tisa nimelinda vya watu:
hayo ndiyo maneno tunayoandika
tukishtuka usingizini.
Najua saa tisa shingo inavyolegea.
Najua mtu anavyoweza kusimama wima,
macho kodo, kofia sawasawa,
na asiwepo.

Watamu ni nafuu. Wana mwokoaji.
Lakini gari la wageni likifika
ndiye pia hubeba masanduku.
Nikapiga mstari.

Kikambala, mwanamke mwenye kikohozi.
Hakuniita baba. Alisema, Ngoja nifunge mlango.
Kisha: Saba kwa mlezi mmoja. Anaitwa Umazi.
Huwahesabu kila robo saa, huandika kwa kalamu mkononi,
jioni mkono umejaa kama ukuta wa choo cha shule.
Akikosa mmoja hupiga filimbi, wote hukaa chini,
walio majini hutoka.
Amewahi kukosa?
Mara moja. Dakika nne.
Alikuwa amelala nyuma ya mataulo.
Umazi hakula siku mbili.

Na akienda haja, nani humpokea?
Kimya. Kikohozi.
Mimi, akasema. Mimi humpokea.

Ni ghali kwa elfu kumi na mbili.
Bwawa ni dogo, bembea ni moja, nayo ni ya kamba.
Kesho Nasipwondi ataniuliza
kama kweli nimeacha ghorofa mbili za maji
kwa ajili ya filimbi.

Sijawahi kumwambia habari za hili bwawa la hapa,
hatua thelathini kutoka kibandani,
mwaka wangu wa pili kazini:
viatu viwili vidogo ukingoni, vimepangwa vizuri,
yaya yuko kwenye simu,
mimi nafungulia gari,
na maji yametulia. Shwari.
Nilimtoa akiwa hai, wa nyumba 4B.
Yuko chuo kikuu siku hizi. Hunipita akisema, Vipi, soja,
hakumbuki kitu,
nami sijamkumbusha.

Jana Nanjala aliniuliza,
Na huko baharini, wewe utakuwa na zamu?
Nikasema hapana.
Akaniangalia kama anayeangalia hesabu
iliyokosewa mahali, hajui wapi.

Saa kumi na moja. Mvua imekatika.
Nageuza daftari upande wake wa haki,
naandika: *Geti limefungwa. Magari thelathini na moja.*
Halafu, kwa herufi ndogo,
pembeni, pasipo safu:
*Watoto wawili. Mwiki. Wamelala,*
nafuta, naandika tena,
*natumaini wamelala.*